Shampuu kabla ya povu

Katika safu iliyopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba neno "shampuu" lilipoingia katika Kiingereza halikuhusu sabuni wala nywele. Sikutegemea kwamba mstari ule ungeleta maswali mengi kiasi hiki. Nimechagua machache, mengine nimeyafupisha, na leo safu yote ni yao.

Shikamoo Mwalimu. Umesema shampuu mwanzo haikuwa sabuni. Ilikuwa nini basi? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba. Ilikuwa amri.

Katika Kihindi kuna kitenzi "champna", maana yake kubonyeza na kukanda mwili kwa mikono. Ukitaka mtu akufanyie hivyo unamwambia "champo", yaani "Kanda!" Waingereza waliokwenda India enzi za Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyokuwa na jeshi lake, walilisikia agizo hilo, wakalibeba jinsi walivyolisikia na kulifanya kitenzi chao. Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana mwaka 1762, ndani ya simulizi za safari za Asia. Hapo anayefanyiwa "shampoo" anakandwa viungo. Maji hayatajwi, povu halitajwi.

Msomaji wa Kiingereza wa leo akielezwa hivyo hushangaa, maana kwake kukanda mkate ni jambo moja na kumkanda mtu ni jambo jingine. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Kitenzi chetu kinabeba yote: tunakanda unga, tunakanda udongo wa kukandikia ukuta, tunamkanda mwenye maumivu, tunamkanda mzazi. Nilipokuwa mdogo shangazi yangu alijifungulia nyumbani kwetu, na kila asubuhi nilimwona bibi akichemsha maji, akichovya kitambaa, akikikamua na kumkanda nacho tumbo na kiuno, siku baada ya siku hadi arobaini ikatimia. Angekuwapo Mhindi pale mlangoni na kuambiwa atafute neno la kazi ile, "champna" lisingekuwa mbali.

Mimi niliambiwa linatokana na ua la champa ambalo Wahindi hutia kwenye mafuta ya nywele. Na kijana wangu anasema ni ndugu wa shampeni. Nani mkweli? (Msomaji wa Mombasa)

Kijana wako amedanganywa na sauti. Shampeni ni jina la jimbo la Ufaransa, Champagne, nalo limetokana na neno la Kilatini la uwanda au uwanja, lile lile lililotupa "kampasi". Halina udugu na shampuu.

La ua lina mvuto zaidi, na nimelikuta limeandikwa mahali pengi. Champa ni ua kweli, lina harufu nzuri kweli, na mafuta ya nywele yenye harufu yake yapo. Lakini tazama namna neno lilivyotumika mwanzoni: linataja kazi ya mikono juu ya mwili mzima, si mafuta na si nywele. Lingekuwa limetoka kwenye ua, tungetegemea ushahidi wa kale uanzie kichwani na kushuka. Umeanzia mwilini, kichwa kikafuata baadaye. Kwa hiyo kitenzi ndicho baba wa neno hili.

Mwalimu, nimesikia kuna Mhindi Mwislamu aliyewakanda wafalme wa Uingereza. Ni hadithi ya mtaani au kweli? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Ni kweli, na nimefurahi umeuliza. Aliitwa Sake Dean Mahomed. Alizaliwa Patna, katika Bihar, mwaka 1759. Akiwa bado mtoto alijiunga na jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India katika Bengal, chini ya ofisa mmoja kutoka Ireland, Godfrey Baker. Ofisa huyo aliporudi kwao, Mahomed alifuatana naye, akafika mji wa Cork mwaka 1784. Huko alioa binti wa Kiayalandi, Jane Daly, na mwaka 1794 akachapisha kitabu cha safari zake. Ndicho kitabu cha kwanza kuandikwa na kuchapishwa na Mhindi kwa lugha ya Kiingereza.

Baadaye alihamia London, na mwaka 1810 akafungua mkahawa karibu na Portman Square uliouza vyakula vya Kihindi na kuwapa wateja buruma la kuvuta. Haukudumu. Mwaka 1812 alitangazwa muflisi. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, mwenye familia, katika nchi isiyo yake, na mtaji umekwisha.

Akaenda Brighton, mji wa pwani ya kusini, mwaka 1814. Wakati huo matajiri wa Uingereza walikuwa wameamini kwamba maji ya bahari ni dawa, na mrithi wa kiti cha enzi alikuwa na kasri lake hapo hapo. Mahomed alifungua nyumba ya kuogea kwa mvuke. Mteja aliketi ndani ya kitu mfano wa hema la kitambaa cha flaneli, mvuke uliopitishwa kwenye mitishamba ukimzunguka. Pembeni mwa hema palikuwa na mikono ya kitambaa, kama mikono ya shati. Mkandaji alibaki nje, akaingiza mikono yake humo na kumkanda mteja bila wao kuonana. Kazi hiyo yote, mvuke na kukanda, aliiita "shampooing".

Wagonjwa wa baridi yabisi, wenye viungo vilivyokakamaa na misuli iliyokaza walimiminika. Waliopona waliacha magongo yao, naye akayatundika ili wageni wayaone. Mwaka 1822 alitoa kitabu kingine, cha kueleza tiba yake na watu iliowasaidia, na humo anakumbuka jinsi wataalamu walivyoidharau mwanzoni. Aliteuliwa kuwa mkandaji rasmi wa mfalme George IV, kisha wa mdogo wake William IV aliyemrithi. Cheo chenyewe kilimwita "daktari mpasuaji wa shampoo", na sitaki kukitafsiri vingine, kwa sababu cheo hicho ndicho ushahidi mzuri kuliko wote kwamba neno hili lilikuwa la tiba kabla ya kuwa la urembo.

Kuna jambo moja ambalo wanaomsifu hulipitia mbali. Alipokuwa mashuhuri, Mahomed alijitangaza kuwa amezaliwa 1749, akajiongezea miaka kumi na kudai pia mafunzo ya udaktari. Mimi simwoni mdogo kwa hilo. Alikuwa mtu wa rangi katika biashara iliyosimama juu ya kuaminiwa, akashindana na madaktari waliokuwa na vyeti na majina ya ukoo. Alichokuwa nacho cha hakika ni mikono yake, na mikono haikudanganya.

Alifariki Brighton mwezi wa Februari 1851, akazikwa huko katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas. Mjukuu wake, Frederick Akbar Mahomed, alikuwa daktari wa Guy's Hospital mjini London na mmoja wa watafiti wa mwanzo wa shinikizo la damu. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na shinikizo la juu bila figo zake kuwa na ugonjwa. Kila ninapopimwa presha ninamkumbuka babu yake na hema lake la flaneli.

Sasa ilikuwaje kukanda kukageuka kuosha nywele? Nilikwenda Mumbai kumpeleka mama hospitali, nikaingia kwa kinyozi, akanipaka mafuta na kunibonyeza kichwa hadi nikasinzia. Aliita "champi". Ni hiyo? (Msomaji wa Dodoma)

Ndiyo hiyo. Pole kwa safari ya matibabu, na ninamwombea mama afya. Kinyozi wako alikufanyia shampuu ya asili, ile yenyewe, bila tone la sabuni.

Kilichotokea Uingereza ni hiki. Katikati ya karne ya 19 vinyozi walianza kuwapa wateja huduma ya kusuguliwa kichwa na kuiita kwa jina hilo lililokuwa na sifa. Kwa kuwa kinyozi ana maji na sabuni karibu, kusugua kukaambatana na povu. Vinyozi wenyewe walichemsha sabuni ndani ya maji na kutia mitishamba ili nywele zing'are na kunukia. Kufikia 1860 kitenzi kinaandikwa kwa maana ya kuosha nywele, na miaka michache baadaye nomino yake inatajwa kama jina la sabuni yenyewe. Mteja alipotaka kupata raha ile nyumbani, hakuweza kununua mikono ya kinyozi. Alinunua kilichomo ndani ya chupa. Jina likafuata chupa.

Na sasa angalia mzunguko huu. Neno lilitoka India likiwa na maana ya kukanda, likakaa Uingereza karne moja na zaidi, kisha likarudi India likiwa na maana ya sabuni ya nywele. Leo mzungumzaji wa Kihindi anayo yote mawili: "champi" kwa vidole vya kinyozi, na "shaimpu" kwa chupa ya dukani. Ni mama na mtoto wanaoishi nyumba moja bila kujuana.

Hapa Bujumbura chupa zimeandikwa "shampooing" na tunatamka kama Wafaransa. Kwa nini wao wameongeza mkia? (Msomaji wa Burundi)

Wafaransa walilichukua neno kutoka Kiingereza pamoja na kiambishi cha mwisho kinachotaja kitendo, ule "-ing" wa Kiingereza. Kisha wakaubadilisha mkia huo kwa matamshi yao ya puani, kiasi kwamba Mwingereza akilisikia neno lake mwenyewe halitambui. Kwa hiyo ukisema hivyo Bujumbura, na jirani yako wa Kigoma akasema "shampuu", nyote mmerithi neno la Kihindi. Ninyi mmelipata kwa njia ya Paris, yeye kwa njia ya London.

Ninafanya kazi ya usafi. Mbona tunaambiwa "shampuu ya kapeti"? Kapeti lina nywele? (Msomaji wa Nairobi)

Maana hiyo ni ya miaka ya 1950. Povu lilikuwa limeshakuwa ndiyo sura ya neno, kwa hiyo chochote kilichosuguliwa kwa povu bila kuloweshwa sana kikaitwa hivyo: kapeti, viti vya kochi, kisha magari.

Kuna tofauti ya kweli kati ya sabuni na shampuu, au ni biashara tu? Bibi yangu aliosha nywele kwa sabuni ya mche maisha yake yote na zilikuwa nzuri. (Msomaji wa Iringa)

Biashara ipo, lakini tofauti ni ya kweli. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi, na hubaki na ukali wa magadi hayo. Kwenye kipimo cha asidi na alikali ambacho katikati yake ni 7, sabuni nyingi huwa kati ya 9 na 10, ilhali nywele hupenda upande wa asidi. Tena ukiwa na maji magumu, yale ya kisima yenye chokaa, sabuni hushikana na madini yaliyomo na kuacha utando mweupe usiotoka kirahisi. Huenda bibi alitumia maji ya mvua au ya mto, na hayo ni laini.

Kwa muda mrefu shampuu za dukani zilikuwa sabuni zilizobadilishwa sura tu. Mjini Berlin, Hans Schwarzkopf alianza kuuza ya unga ndani ya pakiti mwaka 1903, na ya maji ikafuata 1927. Mabadiliko makubwa yalikuja Marekani mwaka 1934, kampuni ya Procter & Gamble ilipotoa Drene, ambayo haikuwa sabuni tena. Ilitumia kemikali za kuondoa mafuta zisizoganda kwenye maji magumu, na chupa nyingi za leo zinafuata njia hiyo.

Ngoja nikupe na habari ya neno "sabuni" lenyewe, kwani sipendi kulipita. Sisi tumelipata kwa Waarabu, "sabun", na mizizi yake inafika kwenye "sapo" ya Kilatini. Mwandishi wa Kirumi Plinio, yule aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, anaitaja "sapo" kuwa uvumbuzi wa watu wa Galia, Ufaransa ya leo, uliotengenezwa kwa shahamu na majivu. Kazi yake? Kuzipa nywele wekundu. Anaongeza kwamba kwa Wajerumani wanaume waliitumia zaidi kuliko wanawake. Kwa hiyo sabuni, ambayo leo tunafulia na kuoshea vyombo, inaingia katika maandishi ikiwa kitu cha nywele. Na shampuu, ambayo leo ni ya nywele, inaingia ikiwa kitu cha viungo na misuli. Yamebadilishana viti.

Na losheni? (Msomaji huyo huyo wa Iringa, mwishoni mwa barua)

Hilo nalo limehama. Kwa Kilatini "lotio" ni kuosha. Leo tunaoga kwanza, ndipo tunapaka losheni.

Assalaam aleykum Mwalimu. Huku Muscat bado tunaosha nywele kwa majani ya mkunazi, na mama yangu alituambia hata Zanzibar walifanya hivyo. Je, hiyo nayo tuite shampuu? (Msomaji wa Oman)

Waaleykum salaam. Mama amesema kweli. Majani ya mkunazi, ambayo Waarabu huyaita "sidr", hukaushwa, hupondwa, hukorogwa kwenye maji yakatoa povu, na povu hilo husafisha bila kukausha ngozi. Yana dutu iitwayo saponini, na jina hilo limetengenezwa kutoka "sapo" ile ile ya Plinio. India wana tunda la ritha na maganda ya shikakai kwa kazi hiyo hiyo, na ndivyo walivyoosha nywele wakati Waingereza wakijifunza "champo". Waislamu wa pwani wanaujua mkunazi pia kwa sababu nyingine: maji yake ndiyo ya kumwoshea maiti, kama ilivyofundishwa katika hadithi za Mtume.

Kuhusu jina, nakuomba usiliite shampuu. Si kwa chuki ya neno la kigeni. Ni kwa sababu "mkunazi" lina historia yake iliyokamilika, na mtoto wako akikuta linaitwa "shampuu ya asili" kwenye kopo, hatajua kwamba ni ule mti uliosimama nyuma ya nyumba ya bibi yake. Vivyo hivyo kwa singo ya bibi harusi. Liwa, karafuu na waridi vikisagwa na mwali akasingwa, hiyo ni singo. Na kitenzi "kusinga", kumsugua mtu manukato na mafuta taratibu, kiko karibu na "champna" kuliko neno lolote la Kiingereza ninalolijua.

Niandike shampuu, shampu au shampoo? Na ngeli yake ni ipi? (Mwanafunzi wa sekondari, Morogoro)

Andika "shampuu", kwa "u" mbili, kwa sababu tunaivuta sauti ya mwisho. Herufi "oo" kwa Kiswahili zinasomeka kama katika "choo", kwa hiyo "shampoo" ni tahajia ya Kiingereza ndani ya sentensi yetu. Ngeli ni ya I-ZI: shampuu hii imekwisha, shampuu hizi zimekwisha.

Najua walimu wengine wanadai "sabuni ya nywele" ndiyo Kiswahili safi. Sikubaliani nao. "Sabuni" ilitoka nje, kama "dobi", "gari", "laki" na "chapati" yalivyotoka kwa Wahindi, na hakuna anayeyafukuza. Halafu tumeona hapo juu kwamba shampuu na sabuni si kitu kimoja. Mtihani ukikuuliza, tumia lolote kati ya hayo mawili, ila lielewe.

Nafungua saluni ya kike mwezi ujao. Fundi wa bango ananiuliza aandike nini kwenye huduma ya kuosha nywele. Nimesoma safu yako nikachanganyikiwa. Nisaidie. (Msusi wa Morogoro)

Hongera, Mungu akujalie wateja. Hebu kumbuka unachofanya mteja anapolaza kichwa kwenye sinki. Unamimina maji, unatia shampuu, halafu vidole vyako vinaanza kazi: kisogoni, nyuma ya masikio, utosini, unabonyeza na kuzungusha mpaka anafumba macho. Kuna wateja wanaokuja kwa ajili ya dakika hizo tu, nawe unawajua.

Mwambie fundi aandike: "Tunaosha na kukanda kichwa." Na ukitaka kutoza kidogo zaidi kwa sehemu ya kukanda, toza, maana ni kazi ya mikono yako.